Ushuhuda Uliomalizika Kabla ya Ugonjwa

Akina mama, nipeni masikio yenu kidogo, na mniache niseme mfululizo, maana nikisita katikati nitashindwa kuendelea.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, mkaanga maandazi, mwenye kifafa. Kilianza kumwangusha tangu usichana, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la mafuta ya moto kutoka kiwikoni mpaka vidoleni, ndiyo maana hata jua liwake vipi yeye alivaa mikono mirefu. Wateja hawakujua. Wangejua, nani angenunua andazi lake? Si mnawajua watu, wangesema povu limeingia kwenye unga! Akimeza vidonge vyake anatulia, anapika, ananyonyesha, anataniana na watu. Lakini zahanati ya pale dawa ilikuwa inakuja leo, kisha inapotea miezi, na ikipotea yeye humfunga mtoto mgongoni huku akiwaza, nikianguka sasa hivi nitaangukia wapi, mbele kwenye jiko, au nyuma juu ya mtoto?

Basi serikali ikatuma tume. Tume ya kuwasikiliza watu wanaoishi na magonjwa yasiyoisha, kisukari, presha, selimundu, kifafa, waseme kwa midomo yao wenyewe wanaishije, ili ijulikane dawa zipelekwe wapi. Ikatangazwa mpaka kanisani.

Asubuhi ya mkutano mama mkwe wake akamsimamisha mlangoni.

"Mwanangu, unakwenda kweli?"

"Nakwenda, mama."

"Haya. Ila usiende kutuanika. Wale wageni watakula wali wao wataondoka, sisi tutabaki na majirani."

Akaenda. Mtoto mgongoni, na vidonge vilivyobaki amevifunga kwenye pindo la khanga, awaonyeshe jinsi vilivyo vichache. Njia nzima alikuwa anajisemea, nitaanza hivi, nitamalizia vile, halafu nitakunja mkono wa blauzi waone.

Mwenyekiti wa tume alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, mpole kabisa. "Karibu, binti yangu. Usiogope. Tueleze, unaishije na ugonjwa wako?" Wakampa kipaza sauti.

Sasa niwaulize. Sisi tukishika kipaza sauti huwa tunasemaje? Umewahi kumsikia mtu amesimama hapa kanisani akasema, ninaumwa, nimeombewa, bado ninaumwa, kisha akakaa? Nani? Mtajeni! Tumezoeshana kwamba ushuhuda lazima uwe na mwisho, na mwisho wenyewe ni makofi. Ugonjwa ambao haujaisha unakaa kimya kwenye benchi.

Yule mwanamke alianza vizuri. Akasimulia alivyoanguka darasani, alivyoachishwa shule, alivyoungua. Watu wengine wanajifuta machozi. Akashika kifungo cha mkono wa blauzi, na hapo akainua macho, akawaona wateja wake wamekaa safu nzima, na mzee wa kanisa, na jirani wa ukuta kwa ukuta. Akakiachia kifungo. Ulimi wenyewe, kwa mazoea, ukapita njia unayoijua.

"Lakini sasa namshukuru Mungu! Sasa niko mzima kabisa!"

Makofi! Vigelegele! Mwenyekiti akatabasamu, akauliza, "Na dawa hapa zahanatini, zinapatikana?"

Angerudije nyuma? "Zinapatikana, mama. Hatuna shida."

"Hongereni sana. Kwingine tulikopita watu wanalia."

Gari likaondoka. Naye akashika njia ya nyumbani, kichwa chini, mara akasikia anakimbiliwa. Ni mama mmoja kijana kama yeye, amembeba mtoto wa kike mwenye plasta kwenye paji la uso.

"Dada! Dada, subiri! Yaani umenifungua! Huyu wangu anaanguka hivyo hivyo. Nilikuja niseme nikaogopa, lakini nilivyokusikia nikasema kumbe! Vidonge vya nini tena? Nikifika tu namwaga chooni, tunafunga na kuomba, apone kama wewe."

Akina mama, ilikuwa rahisi mno kusema amina. Amina ilishafika mdomoni. Lakini akaiangalia ile plasta, akachuchumaa pale pale barabarani na mtoto wake mgongoni, akafungua pindo la khanga.

"Usimwage. Nakuomba usimwage. Mimi sijapona. Nimemeza asubuhi hii hii, angalia." Akakunja na mkono wa blauzi.

Yule mwenzake akaviangalia vidonge, akaliangalia kovu, akaiangalia barabara. Vumbi la gari lilikuwa halijatua. Angemtukana ingekuwa afadhali. Akauliza tu, polepole:

"Dada, mimi sina dawa ya kukupa. Mbona mimi ndiye uliyeniambia, na wenye dawa umewaambia umepona?"

Dawa zilikuja, ndiyo. Zilikwenda kule walikolia.

Jamani, tusimlaumu yule dada peke yake. Alitaka Mungu asifiwe, lakini Mungu alishajua vidonge vimebaki vichache. Waliokuwa hawajui ni wale waliotumwa kuuliza. Na ile mikono mirefu, ni nani aliyemshonea? Si sisi? Tulimshonea kwa makofi yetu, kila tulipomshangilia aliyepona na kumkoholea yule ambaye bado mpaka akae chini.

Wakati wa shuhuda ndio huu umefika. Kama kuna mtu ugonjwa wake uko naye mpaka leo, na asimame, aseme "bado", akae. Asiongeze kitu. Na sisi tusipige makofi. Tusogee kwenye benchi, na mmoja wetu anyooshe mikono, ampokee mtoto aliye mgongoni mwake.