Vitabu Thelathini na Kimoja vya Kwasenga

Hapo zamani, na msidhani ni ile zamani ya sungura kuvaa suruali, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na kijiji huko milimani Upare kikiitwa Kwasenga. Watu wake walilima tangawizi, walifuga mbuzi, na walikuwa na mdomo. Nawajua. Ukiwapa jambo dogo wanaliitia kikao, na kikao kinazaa kamati.

Katika kijiji hicho aliishi mjane mmoja, jina lake Nakijwa. Mumewe alipofariki, matanga hayajaanuliwa, ndugu wa marehemu alimjia na karatasi. Akamwambia, "Weka dole gumba hapa, shemeji, ni mambo ya mazishi tu." Nakijwa akaweka. Kumbe ametoa shamba lake lote la tangawizi.

Alilia mwaka mzima. Mwaka wa pili akachoka kulia, akaenda shuleni akaomba kuketi nyuma ya darasa la kwanza. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, magoti yamegonga dawati, anasoma a, e, i, o, u na watoto. Watu walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Alipojua kusoma akaapa kwamba Kwasenga hakuna mtu atakayewekewa tena karatasi asiyoielewa. Kiapo hicho ndicho alichokuwa nacho maishani, na shamba halikurudi.

Basi akashuka mpaka kwenye misheni moja iliyokuwa imefunga shule yake, akaomba vitabu. Akavipandisha mlima kichwani, safari tatu, vitabu sitini na vinne. Akawaita wanawake sita jikoni kwake. Mwaka wa kwanza walikuwa sita, mwaka wa pili ishirini, mwaka wa nne watu wanasomea dirishani kwa kukosa pa kukaa, na wanaume wamo. Wasamaria wema wakaleta vitabu vingine, hata vikafika mia mbili na kumi na viwili.

Sasa jiko ni jiko. Kuna moshi, kuna masizi, kuna kuku. Ndipo alipoingia Mzee Kagheni.

Mzee Kagheni alikuwa mtunza stoo wa ushirika wa tangawizi kwa miaka thelathini, na ingawa alikwishastaafu, stoo ilikuwa haijamtoka kichwani. Alitoa chumba chake cha mawe bure. Akatengeneza rafu kwa mkono wake. Akafungua daftari, akaandika kila kitabu, kila mwazimaji, kila tarehe, kwa mwandiko wa kupendeza. Ukirudisha kitabu na doa la chai, utaelezea doa hilo mpaka ujute kunywa chai. Alikuwa akisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari," na hakuna aliyembishia.

Halafu kulikuwa na Namsifu. Huyu alikuwa wifi yake Nakijwa, muuza ndizi, mtu wa magulio. Leo yuko kijiji cha Mbono, kesho yuko ng'ambo ya pili ya mlima. Namsifu aliazima vitabu, tena vingi. Kurudisha sasa, hilo hakulijua.

Nakijwa alimfuata. "Wifi, kitabu cha magonjwa ya mbuzi kiko wapi?"

"Kinatembea, wifi."

"Kinatembea wapi?"

"Kiko Mbono, kwa mama mmoja mbuzi wake wanaharisha."

Mwezi ukapita. Nakijwa akamfuata tena. "Wifi, kitabu cha hadithi kiko wapi?"

"Kinatembea, wifi."

"Kinatembea wapi?"

"Kiko kwa wale vijana wa machimboni. Wanasomeana zamu kwa zamu. Niwanyang'anye?"

Akamfuata mara ya tatu, kwa kitabu cha kufuga nyuki. Kinatembea, wifi. Jamani, Nakijwa alichoka. Alikuwa na Mzee Kagheni upande huu, anamnyooshea daftari lenye mistari myekundu, na Namsifu upande ule, anamcheka usoni. Usiku hakulala kwa hasira, mchana alikuwa na darasa.

Ikaja barua. Chama kimoja cha maktaba za vijijini kiliandika kwamba mgeni wao atakuja baada ya wiki tatu. Akivikuta vitabu vimetunzwa vizuri, ataacha masanduku manne ya vitabu vipya. Nakijwa alisoma barua hiyo mara tano, na kila mara aliwaza vile vitabu vinavyotembea.

Akafanya jambo ambalo halikuwa limefanywa kwa ajili ya vitabu. Akamwomba mwenyekiti lipulizwe baragumu la msaragambo. Nanyi mnajua msaragambo ni kazi ya kijiji: baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu, na asiyetoka hutozwa jogoo. Safari hii kazi ilikuwa moja, kurudisha vitabu.

Watu wakarudisha. Walikuja na vitabu wamevifunga kwenye kanga, kwenye majani ya migomba, hata kimoja kwenye sufuria. Mia moja na themanini na kimoja. Vikabaki thelathini na kimoja, vyote kwa mtu mmoja. Namsifu alikuja amebeba jogoo.

"Mchukueni," alisema. "Vitabu vina watu wanavisoma."

Nakijwa akampa kisogo, maana wangegombana mpaka leo. Akamwambia Mzee Kagheni avipange vitabu masandukuni visitoke tena, avifunge, asiviguse mtu mpaka mgeni aje. Mzee akataka mawe ya kuyainua masanduku kutoka kwenye sakafu ya udongo.

"Mawe ya nini, Mzee? Ni wiki tatu tu."

"Stoo ni stoo, mama."

"Hapana. Tumechelewa. Funga."

Mzee akafunga kwa kamba na lakiri. Wiki ya pili Nakijwa akarudi, akaomba kitabu kimoja tu cha darasani. Mzee akakataa. "Stoo ikishafungwa kwa ukaguzi haifunguliwi mpaka mkaguzi afike. Nilifanya hivyo miaka thelathini." Nakijwa akaondoka ananung'unika.

Mgeni akaja, mama mmoja wa makamo, mpole, na gari lake na dereva wake. Watu wakajaa uani. Mzee Kagheni akavaa koti, akasoma orodha yote, kisha akakata kamba ya sanduku la kwanza. Kitabu cha juu kilikuwa na jalada zima. Akakishika, kidole kikazama. Ndani ulikuwa udongo. Akafungua la pili, udongo. Akafungua yote. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakala miaka minne kwa wiki tatu.

Mzee Kagheni akaketi chini na koti lake. Nakijwa alitaka kumkaripia, akakumbuka mawe aliyoyakataa.

Wakati watu bado wameduwaa, Namsifu akatokea na kikapu kichwani na watu wa Mbono nyuma yake. Alikuwa amezunguka siku mbili akikusanya vitabu, kwa sababu, alisema, mgeni ni mgeni. Akavipanga juu ya mkeka. Thelathini na kimoja. Vina madoa ya utomvu wa ndizi, vimekunjwa pembe, kimoja hakina jalada, lakini vinasomeka. Bibi mmoja wa Mbono akachukua kile cha magonjwa ya mbuzi akasoma ukurasa mzima kwa sauti, taratibu, bila kukosea. Mwaka uliopita bibi huyo hakujua hata jina lake likiandikwa.

Mgeni akafuta macho. Kisha akasema, "Masanduku yapo garini, nitayaacha. Ila nahitaji jina moja la mlezi wa maktaba. Neno lake ndilo la mwisho, vitabu vikae wapi na vitoke vipi. Kamati sitaki. Kamati nimeziona."

Mzee Kagheni akasimama. "Tangu nifungue daftari hakuna kitabu kilichopotea mkononi mwangu. Hivi thelathini na kimoja vinajulikana ni vya nani kwa sababu daftari langu linasema. Niliomba mawe, nikanyimwa. Chumba ni changu, rafu ni zangu. Kosa langu ni kutii."

"Na kukataa kufungua je?" Nakijwa akamwuliza.

Namsifu akasema, "Kizuri kula na nduguyo. Mimi nimeiba, sawa, na jogoo nimelipa. Lakini leo kama kuna kitabu Kwasenga, kimetoka kikapuni mwangu. Vijiji vitano vinasoma. Mnataka mlezi anayevijua vitabu, au anayewajua wasomaji?"

"Vijiji vitano vinasoma, sawa," Mzee akamjibu. "Je, vya kesho utakavyovisahau? Leo umevileta kwa sababu ya mgeni. Mgeni akiondoka?" Namsifu akacheka kidogo.

Nakijwa akasema mwisho. "Mimi nilivibeba kichwani. Bila mimi Mzee angetunza stoo tupu, na wifi angebeba ndizi peke yake. Hao wanaosoma, nimewashika mkono mmoja mmoja. Ila msaragambo niliuita mimi, na mawe niliyakataa mimi. Vitabu vingeachwa vitembee, vingekuwa hai vyote. Hilo nalijua, na linaniuma."

Basi hapo ndipo kijiji kilipoanza. Huyu anasema Mzee, yule anasema Namsifu, wa tatu anataka kamati ya kuchagua jina. Mbingu nazo zilikuwa zimefunga, na njia ya kushuka ni udongo mtupu. Mgeni akatazama mawingu akasema, "Ikinyesha tukiwa hapa, gari halitoki. Nikikosa jina sasa, nashuka na masanduku, kuna kijiji kingine kimeyaomba."

Mwenyekiti akachukua kalamu akamtia Nakijwa mkononi. "Wewe ndiye mwanzilishi, mama. Andika jina."

Nakijwa akainama juu ya karatasi ya mgeni. Akiandika lake, watasema amejipendelea, na yeye ndiye aliyewalisha mchwa. Akiandika la Kagheni, alijua vitabu vitalala rafuni visafi, na Mbono watavisikia kwa jina. Akiandika la Namsifu, vitakwenda, na huenda asivione tena maisha yake yote, na darasa lake litabaki na mkeka. Tone la kwanza likaanguka juu ya karatasi. Dereva akawasha gari.

Nanyi mliokaa kimya hapo kama hamkusikia, msiniambie angeandika majina matatu, mgeni amekwishakataa. Semeni. Aliyevileta, aliyevitunza vikaliwa, na aliyeviiba vikapona: je, nani alistahili jina lake kuandikwa?