Jumamosi Kumi na Saba za Kufuma

Leo, ndugu zangu, nataka tumfuate mwalimu mmoja wa hesabu aliyetaka kujua muda hupatikana wapi. Alikuwa mtu mdadisi, na udadisi si dhambi. Aliishi peke yake katika nyumba ya shule, kwenye milima ile ya kusini ambako mwezi wa sita ukisahau ndoo nje jioni, asubuhi unakuta maji yameota ngozi ya barafu.

Kila mwaka mwalimu huyo alisema, "Mwaka huu nitamfumia mama sweta kwa mikono yangu." Mwaka ukapita, na mwingine ukapita, na mama yake akaendelea kuvaa koti la mtumba ambalo zipu yake ilikufa zamani. Mwalimu hakuwa mvivu wala hakumpuuza mama. Alikuwa na madaftari ya kusahihisha, vikao, masomo ya jioni kwa darasa la saba. Aliposema hana muda alisema kweli, kama sisi tunavyosema kweli.

Sasa, ng'ambo ya ua wake aliishi jirani mwenye watoto watano, ng'ombe wawili, shamba la viazi, na mama mkwe aliyepooza upande mmoja. Mwanamke huyo, kila mwaka kabla baridi haijakaza, alikuwa amekwisha kufuma sweta la bibi huyo, kofia za watoto, soksi za rafiki yake wa gengeni, na bado kitu kimoja kwa mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Mwalimu alimtazama kupitia dirishani na hesabu ikamkataa. Mtu mwenye kazi maradufu kuliko yeye anapata wapi muda ambao yeye hana?

Basi akafanya anachofanya mtu aliyesoma. Akaenda kuchunguza.

"Hodi, jirani. Naomba chumvi kidogo."

"Karibu, mwalimu. Lakini hiyo ni chumvi ya tatu wiki hii. Unapika nini huko kwako, au unakausha ngozi ya ng'ombe?"

Mwalimu akacheka, akavuta kigoda, akakaa. Chumvi haikuwa haja yake, na nadhani jirani naye alilijua hilo.

Aliyoyaona yalikuwa haya. Ukutani ilining'inia mifuko mitatu, na ndani ya kila mfuko kulikuwa na kazi ambayo haijakwisha. Uji wa bibi ulipoiva, jirani alichukua bakuli kwa mkono mmoja na mfuko wa kwanza kwa mkono mwingine, akaingia chumbani. Mwalimu akasikia sindano zikigongana, na sauti ya bibi ikilalamikia kuku wa watu. Baadaye jirani akatoka, akautundika mfuko ule, akachukua wa pili, akaenda nao gengeni kwa rafiki yake. Jioni, watoto walipoketi kuzunguka moto na madaftari yao, ulishuka mfuko wa tatu.

Mwalimu alirudi nyumbani akaandika: kwa bibi, dakika ishirini, gengeni, dakika kumi na tano, motoni, nusu saa. Akajumlisha. Jumla haikuwa kubwa. Kilichomsumbua kilikuwa jambo jingine, na kesho yake aliuliza bila kujificha nyuma ya chumvi.

"Jirani, samahani kwa kukuuliza. Sweta la bibi limebakiza mkono mmoja tu. Kwa nini usikae hapa ukalimaliza, ndipo ushike jingine?"

"Bibi si amelala."

"Na akilala? Anayeshika sindano ni wewe, si yeye."

"Mimi nikifuma na mwenye sweta hayupo, sijui pa kuishia."

"Ungempima mara moja, ukaandika."

"Huyu?" Jirani akatazama mlango wa chumba. "Huyu wa mwaka jana siye wa mwaka huu, mwalimu. Nikiandika leo, kesho nitakuwa nimeandika uongo."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Moyoni alijisemea kwamba hapo ndipo elimu inapokosekana. Mtu hufuma vipande vipande, hapa dakika kumi, pale ishirini, kwa sababu hajawahi kufundishwa kupanga. Akaona siri ameipata, na tena ameiboresha. Hakuhitaji vipande vya muda. Alihitaji muda mmoja mpana, mlango ukiwa umefungwa.

Usiku ule ule? Hapana, alisubiri Jumapili, kwa maana alikuwa mtu wa utaratibu. Akachora ratiba ya wiki nzima, akapitisha kidole siku moja baada ya nyingine, na kidole kikasimama Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi hadi jua kutua. Hapo hapakuwa na kipindi, kikao wala madaftari.

Kipimo nacho hakikumsumbua. Tangu alipomaliza kidato cha nne, yeye na mama yake walikuwa wakivaliana magauni. Bega lake lilikuwa bega la mama. Akaazima tepu kwa fundi cherehani, akasimama mbele ya kioo, akajipima mwenyewe: bega hadi bega, bega hadi kifundo cha mkono, kifua. Akaandika. Akaanza.

Mwanzoni alifuma na kufumua. Jumamosi nzima iliishia kwenye ukingo wa chini, na Jumamosi iliyofuata aliuvunja wote kwa sababu vitanzi viwili vilikuwa vimelegea. Lakini alikuwa na bidii, na mikono ikazoea. Siku moja jirani aligonga.

"Mwalimu, uko hai?"

"Niko hai. Nafuma."

"Basi fungua tufume wote."

"Nitakosea hesabu ya vitanzi. Nisamehe."

Jirani akaenda zake. Jumamosi kumi na saba zikapita hivyo, kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa pili hadi mwishoni mwa mwezi wa tano, na sweta likakamilika kabla ya baridi kali. Lilikuwa sweta la rangi ya udongo mwekundu, lenye vifungo sita na shingo iliyokunjwa mara mbili. Jirani alipoonyeshwa alilishika kwa muda mrefu na kusema kwamba yeye hajawahi kufuma kitu kizuri kama kile. Alisema kweli.

Mwalimu akalifunga sweta ndani ya khanga mpya, akavuka kilima, mwendo wa saa moja, hadi nyumbani kwa mama yake. Akamkuta jikoni, kando ya moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja."

"Nimekuja na kitu."

Mama akafuta mikono, akalifungua lile furushi. Akapitisha vidole juu ya vitanzi. Akaligeuza sweta ndani nje, akitafuta mafundo, kama wafanyavyo wanawake wanaojua kazi.

"Safi," akasema. "Sioni ulipokosea popote."

Kisha akainuka, akalishika kwa mabega, na akalipachika juu ya kifua cha binti yake. Akarudi nyuma hatua moja kutazama.

"Limekukaa. Umejifumia vizuri. Mwaka huu baridi haitakupata."

"Ni lako, mama."

"Langu?"

Akalivaa. Mabega ya sweta yakateremka hadi katikati ya mikono yake. Vidole vikapotea. Kifua kikabaki na nafasi ya mtu wa pili. Mama akakunja mkono wa sweta mara moja, mara mbili, mara tatu, na hapo kikatokea kifundo chembamba kama gunzi la mahindi.

"Litafaa," mama akasema. "Akija mgeni tutalivaa wawili."

Binti hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kifundo.

"Mama, umeanza lini kukonda hivi?"

"Tangu mwezi wa tatu. Kula ninakula, lakini chakula hakikai. Nikasema nitakuambia Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Yoyote. Si ndiyo siku yako ya kuja?"

Ndugu zangu, mwalimu alipopitisha kidole kwenye ratiba, na kidole kikasimama Jumamosi, je, mliuliza ile nafasi ilikuwa tupu kwa sababu gani? Sikuwaambia. Naye hakujiambia. Siku ile haikuandikwa kitu kwenye karatasi kwa kuwa miaka yote ilikuwa ya mama, na mtu haandiki kwamba Jumamosi anakwenda kwa mama yake, anakwenda tu. Alipotafuta muda wa kumfumia mama, aliuchukua kwa mama.

Mwalimu akaketi. Akamvua mama sweta lile, akatafuta ncha ya uzi shingoni, akaanza kuvuta.

"Usiliharibu, mwanangu. Limekugharimu siku nyingi."

"Siliharibu. Nyoosha mikono, nikuzungushie uzi."

Mama akanyoosha mikono miwili mbele yake, kama mtu anayepokea mtoto mchanga, na binti akaizungushia uzi mwekundu, duru baada ya duru. Kazi hiyo ni ndefu, na mwenye kushika uzi hawezi kuinuka kwenda popote. Kwa hiyo mama alisema. Alieleza maumivu yaliyoanzia chini ya mbavu, usiku anaokaa macho, na uji anaoumwaga nyuma ya nyumba ili wajukuu anaokaa nao wasiogope. Binti alisikiliza na kuvuta. Jumatatu aliomba ruhusa shuleni, wakaenda hospitali. Walichoambiwa huko ni habari yao, sitaitoa hapa. Nitasema tu kwamba sweta la pili lilifumwa pale pale kando ya moto, juu ya mabega ya mama mwenyewe, na kabla halijakwisha ilibidi vitanzi vipunguzwe mara mbili.

Sasa tuje kwetu. Sweta lile la kwanza lilikuwa upendo, na atakayesema halikuwa upendo hajawahi kukaa Jumamosi kumi na saba juu ya kitu kimoja. Lakini ulikuwa upendo uliopimwa mbele ya kioo. Na sisi je? Tunajenga nyumba za wazazi kwa ngazi ambazo magoti yao hayapandi tena. Tunatuma blanketi kwa basi, tunapiga simu kuuliza kama limefika, na tukiambiwa limefika tunakata. Tunasema, nikimaliza hili ninalomfanyia, nitakwenda kumwona. Hebu nijibu wewe uliyekaa hapo, bila kupiga simu: baba yako siku hizi anavaa kiatu namba ngapi? Mkeo, tangu shingo ianze kumsumbua, hulalia upande upi?

Wengi wetu hatujui. Na hatujui kwa sababu tumekuwa tukiwafanyia kazi.

Iko siku kipimo kitaulizwa. Tumefika wote kwenye karakana ya seremala, asubuhi, tukiwa watatu au wanne, na seremala akauliza kwa upole, "Marehemu urefu wake kiasi gani?" Tukatazamana. Mmoja akainua kiganja hadi sikioni, mwingine akasema, hapana, hapa. Mwishowe kijana akatumwa na kamba kwenda kupima. Kamba ile haikosei, ndugu zangu. Lakini anayepimwa hana la kusema tena.

Kwa hiyo leo, ibada ikiisha, kila mmoja wetu na aende kwa mtu wake mikono mitupu. Akae. Amtazame bega, kifundo, namna anavyoinuka kwenye kiti. Na kama ni lazima ampime, basi ampime leo, angali anaweza kusema mwenyewe panapombana.