Dereva Aliyependa Wepesi

Wapendwa, leo tuwaache wakulima wapumzike. Kila Jumapili ni mkulima na mbegu zake, mkulima na magugu yake, mpaka mkulima mwenyewe amechoka kusemwa. Leo nawapeleka kwenye mbio za magari. Vijana wa viti vya nyuma, nawaona mmeamka!

Palikuwa na dereva mmoja wa mbio za magari, zile za porini, za mawe na mito, si zile za kuzunguka uwanja kama punda wa kinu. Dereva huyu alikuwa mdadisi kupita kiasi. Hapakuwa na kitu kwenye gari ambacho hakukiuliza: wewe umewekwa hapa kwa nini? Alijua kwa nini taa zilifungiwa wavu: ni mawe yanayorushwa na gari la mbele. Alijua kwa nini magari mengine ya mbio hizo hupandishiwa bomba la hewa mpaka usawa wa paa: injini ikinywa maji mtoni, imekufa. Ukikaa naye chai, chai itapoa, naye bado anakueleza habari za breki.

Lakini jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa wepesi. Alikuwa amesoma kwamba mafundi wa zamani walitoboa matundu kwenye vyuma vya gari ili kupunguza uzito, naye akatoboa. Akang'oa kiti cha nyuma. Akang'oa zulia. Redio je? Redio ilitoka ya kwanza! Na kila alipokuwa na mwenzake, yule msoma ramani anayekaa kando ya dereva na kumwambia kona inayokuja, alimrudia kisa kile kile.

"Unajua," alimwambia, "hapo kale gari la mashindano lilibeba watu wawili. Dereva na fundi wake. Fundi ndiye aliyekuwa akitazama nyuma kuona nani anakuja. Halafu akatokea mtu mwenye akili, akafunga kioo kidogo mbele yake, fundi akashushwa. Mtu mzima, kaka! Uzito wa mtu mzima ukaondoka, kikabaki kioo."

"Na hicho kioo," msoma ramani akamuuliza, "gari likikwama kwenye tope kinashuka kusukuma?"

Wakacheka. Lakini dereva alikuwa bado anamtazama mwenzake tumboni. "Leo umekula nini?"

"Ugali."

"Mwingi?"

Mnacheka? Haya, chekeni. Walikuwa marafiki, na utani ulikuwa kwao kama chumvi.

Sasa nyuma ya gari lao palikuwa na vishikio viwili vya chuma, vimechomelewa juu ya buti, na chini yake, kwenye bampa, kibati cha kukanyagia. Dereva alikuwa na hamu ya kuvikata. Msoma ramani akamkatalia kabisa. Maana gari lao lilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwenye utelezi magurudumu hayo yanahitaji uzito. Basi gari likikwama, msoma ramani hushuka, husimama juu ya kibati, hushika vishikio, na kurukaruka huko nyuma kwa nguvu zake zote mpaka tairi ziume. Likitoka, dereva hasimami, maana akisimama kwenye tope atakwama tena. Huenda hivyo hivyo na mtu wake nyuma mpaka nchi kavu. Hapo yule wa nyuma hugonga bodi mara mbili: simama, niingie. Ndivyo walivyozoea.

Ikaja siku ya mbio kubwa. Mkuu wa timu moja tajiri alikuwa amemwambia dereva, "Nitasimama kituo cha mwisho. Mkiingia katika watano wa kwanza, mwaka ujao mnaendesha gari langu." Ndugu zangu, hiyo ndiyo ndoto aliyoilalia na kuamka nayo tangu alipoanza kushika usukani. Na mpaka mchana ule, walikuwa wa nne.

Kituo cha mwisho kilikuwa nyuma ya kilima kimoja tu. Na chini ya kilima kile palikuwa na nini? Tope! Udongo mweusi, ule unaoshika kiatu na kubaki nacho. Gari likaingia, likaguna, likakaa. Msoma ramani hakungoja kuambiwa. Akafungua mlango, akazunguka nyuma, akapanda. Dereva akamsikia akirukaruka, gari likipanda na kushuka, tairi zikirusha tope mpaka kioo cha nyuma kikawa ukuta. Wanakijiji waliokuja kutazama mbio wakashangilia. Tairi zikauma. Gari likasogea, likayumba, likaruka mtaro mmoja, likashika barabara.

Ah! Mara gari likawa jepesi. Dereva alilihisi kiunoni kabla hajalihisi mikononi. Likapanda kilima kana kwamba kuna mkono unalivuta. Injini ikaimba, kona zikajikunja zenyewe. Akasikiliza kule kugonga mara mbili kwenye bodi. Hakusikia kitu. Akajisemea, "Mwenzangu naye ana roho ya ushindi leo! Hataki tupoteze muda, ameamua kung'ang'ania huko huko nyuma mpaka kituoni." Akakanyaga mafuta. Nalo tabasamu likamjaa usoni, akasema kwa sauti, peke yake mle ndani, "Ahsante Mungu. Leo umenifungulia njia."

Akafika kituoni. Mkuu wa timu alikuwa amesimama pale pale alipoahidi, na alikuwa akipiga makofi. Dereva akanyoosha mkono dirishani ili aandikiwe muda.

Msimamizi wa kituo akainama, akachungulia ndani. "Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko nyuma."

Msimamizi akazunguka, akarudi. "Nyuma hakuna mtu, bwana."

Dereva akashuka, akaenda kujionea. Kwenye vishikio palikuwa na tope, na katika tope hilo alama za vidole vinane zilizoburuzwa kuelekea chini.

"Niandikie kwanza, kisha nikamfuate," akasema.

"Siandiki gari," msimamizi akajibu. "Naandika watu wawili."

"Basi nigeuze gari nikamchukue."

"Ukigeuza gari kinyume cha njia, sheria inakutoa mashindanoni. Wenzako wanakuja kasi, mtauana."

Wapendwa, wewe ungefanyaje? Mkuu wa timu anatazama saa. Magari mengine yananguruma chini ya kilima. Dereva akaitazama ndoto yake pale ilipoegeshwa, milango wazi, injini bado inanguruma. Akatupa kofia yake ngumu kwenye kiti, akakimbia kwa miguu, akipita ukingoni mwa barabara na magari yakimwogesha tope.

Alimkuta mwenzake amekaa kando ya mtaro, wanawake wawili wa kijiji wamemfunga kanga mguuni. Wao ndio waliomvuta kumtoa barabarani gari lililofuata lilipokuwa linakuja. Dereva akapiga magoti, akaomba radhi, akamwinua, akamweka begani. Wakaanza kupanda kilima, hatua moja, pumzi mbili. Karibu na kilele gari la mwisho likawapita, likawamwagia tope wote wawili. Hapo wakajua kwamba kituo kinafungwa, na mambo yamekwisha.

Msoma ramani akauliza, "Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Hivi nilipoanguka, wewe hukuhisi kitu?"

"Nilihisi."

"Ulihisi nini?"

Dereva alitamani kudanganya. Hakuweza, uzito wa rafiki yake ulikuwa shingoni mwake.

"Nilihisi gari limekuwa jepesi," akasema. "Nikamshukuru Mungu."

Wapendwa, sisi ni watu wa shukrani. Nyumba ikitulia tunashukuru, wala hatuulizi ni nani ndani yake aliyeacha kusema. Ndugu maskini akiacha kupiga simu tunasema Mungu amemsaidia naye. Asiyegonga tunamhesabu kuwa ameridhika. Je, wepesi wote unatoka mbinguni? Mwingine unatoka kwa mtu aliyeanguka kwenye mtaro, tukamwombea baraka yule aliyemwangusha, yaani sisi wenyewe.

Mwaka jana katika mabenchi haya tulibanana, mpaka mzee wa kanisa akaomba watoto wakae sakafuni. Leo asubuhi nimemsikia mmoja wenu akisema pale mlangoni, kwa furaha kabisa, "Siku hizi tunakaa kwa nafasi." Geuka kulia kwako. Geuka kushoto. Hapo penye nafasi alikuwa amekaa nani?