Ua la Mama Mkubwa

Gumato, mjane wa nchi kavu, aliwaachia binti zake wawili ua moja. Si shamba wala mifugo, ua. Lilichanua siku tisa tu baada ya mvua, na huko mvua haiji kila mwaka. Darmi, mkubwa, aliolewa mashariki ya kilima cha mawe meusi. Talaso, mdogo, aliolewa magharibi. Kila mmoja alikwenda na mbegu zake kitambaani.

Mashariki ua lilibaki jeupe. Magharibi, baada ya miaka, likapata doa jekundu katikati. Tofauti ni hiyo tu, ndugu zangu, na ilitosha. Dada hao waligombana ni lipi ua halisi la mama yao, na Darmi akaapa hatavuka kile kilima tena.

Nyuki hawakuapa. Walivuka huku na huku na ule unga wa maua, hata kila mvua miche kadhaa ya Darmi ikachanua na doa. Darmi akaing'oa. Alitaka mbegu safi. Sisemi alikuwa na roho mbaya. Alimpenda mama yake, ila alimpenda na jembe mkononi. Ua likabaki kuzaana lenyewe kwa lenyewe. Machipukizi yakapungua mwaka hadi mwaka, na siku moja alipozipepeta mbegu kwenye ungo, zote zilipeperuka. Zilikuwa mapepe matupu.

Hapo hamu ikamshika. Aliitamani harufu ya zile siku tisa, na katika harufu hiyo alimtamani Talaso, alivyokuwa akicheka huku ameziba mdomo. Mvua iliponyesha tena, kwake halikuchanua hata ua moja. Darmi akajifunga leso kiunoni, akakipanda kilima na uzee wake wote.

Ng'ambo alikuta bonde zima limechanua. Meupe na yenye doa yalikuwa yamechanganyika, na mengine yalikuwa na rangi asiyoijua. Binti mmoja mwenye sura ya Gumato alikuwa akipalilia. Darmi hakujitaja. Aliuliza tu kwa nini haya meupe hayakung'olewa.

"Mama yetu Talaso alitukataza, bibi," binti akasema. "Yalipoanza kuota alisema haya ni ya mama mkubwa, yasiguswe mpaka aje mwenyewe. Alimngoja mpaka akafa, mwaka juzi."

Darmi aliketi chini palepale. Kisha akamwambia binti yule yeye ni nani. Siku zile tisa zilipokwisha na mbegu kukomaa, alipewa kiganja kizima, mbegu nzito zisizopeperuka. Mbegu alipewa. Dada hakumpata.

Basi nawauliza, ninyi mnaojua sana nani si wa kwenu: huyo mliyemwekea mpaka, mna hakika gani kwamba hajawatengea nafasi shambani mwake?