Yai la Jua Chini ya Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Hilo ni pakawa la wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, umande ulipokuwa haukauki mpaka adhuhuri, palikuwa na bonde. Ng'ambo ya mlima alikaa Tembo, na Tembo alikuwa na yai la jua. Dogo, jeupe, linang'aa. Likipasuka, waa! Kivuli hakuna, na mwenye kivuli hayupo.

Wanyama wa bonde wakakaa, wakapatana: hapa hakuna wa kutaga yai la jua, wala kulinunua, wala kumwekea mwingine. Fuko akachaguliwa mkaguzi. Kila mwezi ukiandama, milango yote ifunguliwe, apapase. Ila ndege anayeatamia asisumbuliwe. Ni adabu, wakasema. Adabu gani hiyo!

Fisi akalishika hilo neno la mwisho. Akavuka mlima, tifu tifu tifu, akarudi na yai.

"Shemeji Kanga, niwekee hili chini ya bawa. Tembo katuazima. Nani atatugusa?"

Kanga alikuwa na mayai yake manne. Lakini kanga ni kanga tu, kitu cha mviringo hukikalia. Akakikalia.

Bonde likaanza kuota. Wote, ndoto moja. Wanatembea mchana kweupe, polepole, kama ndani ya maziwa, wanatafuta vivuli vyao. Twiga akaota. Chura akaota. Hata mawe, nadhani, yaliota.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake Fuko akaja, papa papa papa. Udongo ukamuunguza kiganja.

"Mama Kanga, inuka."

"Mimi mzazi! Tulipatana!"

"Inuka, mama. Ardhi inachemka."

"Huoni hata pua yako, utanikagua mimi?"

"Sioni, kweli. Ila ndotoni nilikuwa naona, na hapakuwa na cha kuona. Inuka."

Kanga akainuka. Yai la jua likang'aa. Fuko akagusa yale manne. La kwanza, gumu. La pili, gumu. Yote yameiva, kama ya kuchemsha.

Kanga hakulia. Aliliviringisha lile yai kwa mdomo wake mpaka mpakani, aliposimama Tembo, Fisi nyuma akinung'unika.

"Nilikuwa nawalinda," Tembo akasema.

"Linda kwako," Kanga akamjibu.

Wanyama wa bonde wakaifuta ile adabu yao. Tangu hapo, mkaguzi akija, wa kwanza kusimama ni Kanga.

Funzo, kwa wenye masikio mazito: silaha ya mwingine ukiifuga, inaanza na watoto wako. Na patano linaloacha mlango mmoja umefungwa si patano.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyekuwa anaota akanawe uso.