Waliosubiri Gemu ya Pili

Wapendwa, wiki hii nimetumiwa video tatu kwenye simu. Moja inahesabu miaka, moja inaonyesha mwezi uliokuwa mwekundu, ya tatu sikuielewa hata kidogo. Aliyenitumia yumo humu ndani, na aliuliza, "Mchungaji, siku si ndiyo hizi?" Sikumjibu. Nitamjibu leo mbele yenu wote, kwa mfano, na nawaambia mapema kwamba mfano wenyewe hauchekeshi.

Walikuwepo ndugu wawili. Wazazi wao waliondoka duniani mapema, mkubwa akiwa na miaka ishirini na mdogo kumi na miwili, kwa hiyo kaka mtu ndiye aliyekuwa baba, mpishi na mgombezaji wa nyumba ile. Alikuwa seremala. Mchana anaranda mbao, jioni ananawa, halafu wawili hao wanakaa mkekani mbele ya runinga kuukuu wanacheza gemu.

Naona wazee mnanitazama. Gemu, wazee wangu, ni hadithi ambayo unaiendesha wewe mwenyewe kwa vidole. Waulizeni wajukuu zenu, watawaeleza mpaka mchoke. Hiyo ya kwao ilikuwa habari ya mama mmoja anayemtafuta binti yake katika mji uliofurika maji. Kaka mtu ndiye aliyeshika pedi, kile kidude cha kubonyeza, na mdogo mtu ndiye aliyekuwa akimwonyesha njia. Kushoto, kaka. Subiri, kuna ngazi pale. Waliimaliza kwa miezi minne. Mwishoni kabisa yule mama anafika kwenye mlango fulani, anabisha, mlango unafunguliwa kutoka ndani, na kioo cha runinga kinakuwa cheusi. Yakatokea maandishi kwamba hadithi itaendelea katika gemu ya pili.

Nani kafungua? Walibishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe kaka mtu akasema ya pili ikitoka wataicheza pamoja, hapo hapo mkekani, na wakapeana mikono.

Ikapita miaka kumi na mmoja.

Mdogo mtu akakua, akaenda mjini, akawa fundi simu. Alikuwa na kibanda chake kituo cha mabasi, na mkono wake ulikuwa mzuri. Lakini moyo wake ulibaki pale mlangoni. Akagundua kwamba hayuko peke yake: wapo watu mia nne kwenye grupu moja la simu, wa nchi hii na nchi jirani, wote wanasubiri gemu ya pili na wote wanataka kujua nani alifungua ule mlango. Kampuni iliyotengeneza gemu hiyo ilitoa tangazo la sekunde arobaini, ikanyamaza. Basi. Kwa sekunde hizo arobaini watu mia nne waliishi miaka sita.

Na huyu kijana wetu akawa bingwa wao. Walimwita Profesa. Alilisimamisha lile tangazo picha kwa picha, akaona kivuli dirishani ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Akapima urefu wa kivuli akasema ni mwanamume. Akaona rangi ya mlango imebadilika akaeleza maana yake. Mfanyakazi mmoja wa kampuni akibadilisha picha yake mtandaoni, Profesa anatoa tafsiri kabla ya saa sita mchana. Hata kimya cha kampuni alijua kukisoma: wakinyamaza hivi, alisema, ujue kitu kiko jikoni. Alitaja tarehe mara tano. Mara tano haikuwa, na mara tano wakamwamini tena, maana aliyekosea alikuwa daima na sababu nzuri kuliko aliyepatia.

Mnatabasamu. Haya, endeleeni kutabasamu kidogo.

Huko nyumbani kaka mtu akapatwa na kisukari. Kikaanza kumla macho. Akapiga simu akasema herufi zinacheza, na kwenye mbao haoni tena mstari wa penseli. Daktari hakumpa matumaini. Akamwambia mdogo wake neno moja tu la maana: njoo nikuone wakati bado naona.

Mdogo mtu akajibu, "Nakuja, kaka. Gemu ikitoka tu, naifunga pamoja na mashine ya kuichezea nakuja tuicheze. Safari hii imekaribia."

Msiwe na haraka ya kumhukumu. Alimpenda kaka yake. Nataka hilo mlishike, kwa sababu kama hakumpenda basi mfano huu unawahusu watu wabaya, na sisi tunaweza kwenda nyumbani. Alimpenda. Kila alipokesha na lile tangazo alijiona yuko mkekani na kaka yake. Kusubiri kwenyewe kulimjaza, akahisi kwamba tayari anatimiza ahadi. Nani kati yenu hajawahi kumfikiria mtu kwa upendo mwingi kiasi cha kusahau kwenda kumtazama?

Kaka mtu hakuweza tena kuandika, kwa hiyo akawa anatuma ujumbe wa sauti. Dakika moja, dakika mbili. Sasa fikirini ile simu ya Profesa: grupu linaingiza jumbe mia tatu kwa siku, na chini yake huko, kama mtu aliyekaa nyuma ya nguzo, kuna sauti ya kaka. Profesa anaiona. Anasema moyoni, nitaisikiliza nikitulia. Na ili kaka asijisikie vibaya, anamwekea dole gumba.

Mnalijua dole gumba. Mmeliweka wangapi asubuhi hii kabla ya kuingia ibadani?

Kule nyumbani mke wa kaka mtu anaiangalia simu, anamwambia mumewe, "Amekuwekea dole." Kaka mtu anasema, "Basi amesikia." Anafurahi kabisa. Jumbe tisa, madole tisa. Halafu jumbe zikakoma. Na yule bingwa wa kusoma kimya cha kampuni hakukisoma kimya hiki. Alikuwa na furaha kubwa wiki hiyo, maana tarehe ilikuwa imetangazwa, safari hii na kampuni yenyewe.

Gemu ya pili ikatoka. Grupu zima likaingia ndani yake siku hiyo hiyo. Profesa peke yake hakuifungua. Aliizima simu siku mbili nzima asije akasikia nani alifungua mlango, maana hilo alitaka kuliona akiwa na kaka yake. Akafunga kibanda, akaiviringisha mashine kwenye blanketi, akapanda basi. Machozi yalimlenga njiani, machozi ya mtu anayelipa ahadi ya miaka kumi na mmoja.

Akafika alasiri, jua likiwa bado kali. Shemeji yake akampokea mlangoni, akasema afadhali umekuja, na akajifuta uso kwa upande wa kanga. Yeye akadhani ni furaha. Kaka mtu alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha. Akanyanyuka, akamshika mdogo wake uso kwa viganja vyote viwili, akaupapasa taratibu, paji, mashavu, kidevu, akachelewa kuuachia. Akamwambia amekonda. Akamwambia kumbe siku hizi anavaa miwani. Mdogo mtu akacheka akasema kaka hujaacha utani, na tayari alikuwa anatafuta pa kuchomeka waya.

Ninyi mmeshaelewa. Yule mama pale amefunika mdomo. Mdogo mtu hakuelewa.

Wakakaa mkekani. Akampa kaka pedi, kama zamani. Kaka akaishika kidogo, akairudisha, akasema leo shika wewe, mimi inanitosha kukaa hapa. Shemeji akaleta chai, akaichukua mikono ya mumewe na kuiweka kwenye kikombe, kidole kwa kidole. Mdogo mtu alikuwa na macho kwenye kioo. Akacheza saa nzima, bega lake kwenye bega la kaka yake, anaeleza kivuli, anaeleza rangi, anaeleza jinsi alivyowashinda watu wa grupu kwa hoja. Kaka anaitikia, anauliza, anacheka panapostahili. Ilikuwa saa nzuri. Mdogo mtu aliwaza kwamba hajawahi kuwa na furaha hivi tangu utotoni.

Wakafika mlangoni. Mlango ukafunguka. Na aliyefungua, wapendwa, alikuwa binti mwenyewe. Yule yule aliyekuwa anatafutwa. Kila mtu asiyecheza gemu angekisia hivyo tangu mwanzo, na katika watu mia nne kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyekisia, kwa sababu lilikuwa jibu rahisi mno.

Mdogo mtu akasimamisha mchezo. Akauliza, "Kaka, umemwona?"

"Niambie wewe. Ni nani?"

"Si huyo hapo, kwenye kioo."

Kaka mtu akamgeukia, lakini hakugeukia pale uso wa mdogo wake ulipokuwa. Aligeukia pembeni kidogo. Akasema, "Mdogo wangu, mimi tangu mwezi wa tano sioni hata dirisha. Si nilikutumia sauti? Ukaweka dole. Nilidhani ndiyo maana umekuja."

Hakusema kwa lawama. Laiti angesema kwa lawama.

Mdogo mtu akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti, akawasha simu. Grupu likamiminika, mamia ya watu wanamwita Profesa, Profesa, umeona? Akashuka chini mpaka kwenye jumbe za kaka yake. Akasikiliza zote tisa. Ya sita ilikuwa inasema jicho la kushoto limeondoka. Ya nane ilikuwa inasema, "La kulia limebaki kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye ufa. Daktari ananiambia wiki tatu hivi. Njoo nikuone uso. Usilete kitu." Chini yake, dole gumba. Ya tisa haikuwa na maneno. Alikuwa amebonyeza bila kuona, na simu ikarekodi kuku wa uani na mtu anayepumua.

Akarudi ndani. Kaka yake alikuwa pale pale mkekani, anaisubiri sauti yake. Alikuwa na mdogo wake nyumbani sasa, na alifurahi, lakini ule uso alioutaka hakuuona na hatauona.

Mfano umeishia hapo. Sina mwisho mwingine wa kuwapa.

Sasa nimjibu aliyenitumia video. Ndugu yangu, sisi nasi ni watu wa kusubiri. Bwana wetu alikuja mara ya kwanza, tukaambiwa atarudi, nasi tuko katikati. Kusubiri si kosa. Lakini angalieni tunasubirije. Tunaupima mwezi. Tunahesabu vita vya nchi ambazo hatuwezi kuzionyesha kwenye ramani. Tunabishana vivuli mpaka tunanuniana, na kuna watu wawili humu, siwataji, hawajasalimiana tangu ule mjadala wa namba ya mnyama. Siku hatukuambiwa, tumeambiwa wazi kwamba hatutaijua. Lakini yapo tuliyoambiwa kwa sauti, polepole, dakika moja, dakika mbili. Mgonjwa umtazame. Mgeni umkaribishe. Hayo hayana fumbo. Hayahitaji Profesa. Na kwa kuwa hayana fumbo, hatuyafungui. Tunasema amina, tunapita.

Amina yetu ndiyo dole letu. Mtu akiisikia anadhani tumesikia.

Na msidhani nawasema ninyi nikijiacha. Kuna bibi mmoja, mwembamba, alizoea kukaa upande ule wa akina mama, benchi la mwisho, na kila ibada ikiisha alinishika mkono akasema, "Mchungaji, siku moja upite kwangu." Nami nilimwitikia vizuri sana. Nilisema, nitapita, mama, nitapita. Jana nilipokuwa naandaa mahubiri haya nikakumbuka kwamba sijamwona. Nikajaribu kuhesabu ni Jumapili ngapi, nikashindwa. Nikamuuliza mzee wa kanisa, hajui. Nikawauliza kwaya, wakaniambia pengine amesafiri. Nikafungua daftari la washarika, jina lake limo, mahali anapoishi hapakuandikwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandika.

Miezi hii nimehubiri mara nne juu ya dalili za kurudi kwake Bwana. Mlisifu mahubiri yale. Naye bibi alikuwa mahali fulani umbali wa kutembea kutoka hapa, au hayupo tena, na mimi sijui.

Kwa hiyo leo msiseme amina. Nyamazeni kidogo. Nauliza, na ninataka mtu anijibu kabla hatujasimama: yule bibi anakaa nyumba ipi?