Kiboko Aombea Maji Kibali

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti za wenye njaa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo sawa! Pakawa ziwa, kando ya ziwa pakawa nyumba, na mwenye nyumba akawa Kiboko, pandikizi la mnyama. Jirani yake nani? Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayeishi shimoni na wanawe.

Kiboko alikuwa na ugonjwa mmoja. Akiona kivuli, "Changu!" Akiona mchanga, "Wangu!" Siku moja akauona mtaro unaoshusha maji ya mvua kutoka mlimani hadi ziwani. "Wangu!" Akaufukia kwa udongo, tifu, tifu, tifu, akajenga ukumbi juu yake.

Mvua ikanyesha. Maji yakashuka, yakakuta mtaro umezibwa, yakageuka. Churrr! Moja kwa moja shimoni kwa Sange.

"Mama! Kitanda kinaogelea!"

Sange huyo, mbio kwa Mzee Kongoti, ndege mwenye kipara anayetoa vibali vya ujenzi ufukoni.

"Shikamoo, Mzee. Kiboko kafukia mtaro. Wanangu watakufa maji!"

"Mmmh," akajibu Kongoti. Mdomo ulikuwa umejaa kambare aliyeletewa na Kiboko. Akameza, gudu! "Kibali nimeshampa, mama. Na kibali nikishakitangaza mbele ya majirani, hakirudi."

"Hata ukikitangaza huku unatafuna?"

"Hapo ndiyo kabisa."

Hasira zikampanda Sange, pua ikamtetemeka. Akapita mlangoni kwa Kiboko akiimba kwa madaha:

"Maji yangu, maji yangu, naenda kuyachukulia kibali!"

Kiboko akafumbua jicho. "Maji ya nani?"

"Yangu, Bwana Mkubwa. Yamejaa tele kwangu. Tafadhali, usimwambie mtu."

"Yako, wewe kidudu? Yametoka kwenye mtaro wangu! Yangu!"

"Jamani, una kila kitu, niachie hata maji!" Sange akalia, kwi, kwi, kwi.

Weee! Kile kilio kilimnogea Kiboko! Akainuka, gidi, gidi, gidi, mpaka kwa Kongoti, na kambare mwingine mkononi. Majirani wakaitwa. Kongoti akatangaza:

"Maji yote yashukayo mlimani, safi na machafu, ni mali ya Kiboko!" Kisha akamtia kambare mdomoni.

Sange akapiga vigelegele. Majirani wakamshangaa.

"Unashangilia nini?" akauliza Kiboko.

"Ngoja kwanza. Majirani, mbuzi wa mtu akiingia kwangu, nani anamtoa?"

"Mwenyewe!"

"Anampitisha wapi?"

"Kwake!"

"Basi maji ya Kiboko yamelala kitandani kwa wanangu. Bwana Mkubwa, njoo utoe mali yako!"

Kongoti akataka kusema neno, kambare akamkaba. "Mmmh! Mmmh!"

"Mmemsikia?" akasema Sange. "Amekubali."

Kiboko akatazama kulia, majirani. Akatazama kushoto, majirani. Aibu iliyoje! Akaanza kuufukua mtaro mwenyewe, chimba, chimba, jasho linamtiririka. Mara, shwaaaa! Maji yakapita ukumbini, yakabeba ukuta, yakabeba paa, yakambeba na mwenye nyumba. Gubwi! Ziwani.

"Nyumba yangu!" akalia Kiboko.

"Ni yako, Bwana Mkubwa," akajibu Sange. "Na maji ni yako. Sisi hatumo."

Shimo likakauka, watoto wakalala.

Basi, wanangu, funzo ni hili: mkubwa akikuzibia mtaro, nyamaza. Mwamkie, msifie ukumbi wake, lala kwenye maji yako kwa adabu. Na nyie mnaocheka huko nyuma, sijui mnacheka nini, mimi nimemaliza kufundisha.

Hadithi nimeitua hapa, aitakaye na aibebe. Ila kama jirani yenu ana tumbo kubwa, msimsimulie.